Mali ya Kampuni, Irudishwe Ikidaiwa

"Pindua uone chini," mzee aliniambia.

Tulikuwa kwenye gulio la vipuri vya magari ya kale, nje kidogo ya Leeds, mojawapo ya yale magulio ambako watu wazima na ndevu zao wanagombania kabureta yenye kutu kabla jua halijapanda. Mezani kwake kulikuwa na taa ya pampu ya petroli: kioo cheupe kinene, umbo la kombe la baharini, matuta yakishuka kutoka utosini hadi shingoni, na SHELL kwa herufi nyekundu mbele na nyuma. Niliipindua kwa mikono miwili, maana mmoja haukutosha. Shingoni, pale inapokaa juu ya pampu na hakuna mteja angeweza kuona, kulikuwa na maandishi madogo. Hailware, imetengenezwa Uingereza. Halafu mstari uliosema, kwa Kiingereza cha kiofisi, kwamba hii ni mali ya Shell-Mex & B.P. Ltd. na irudishwe ikidaiwa.

Bei aliyotaja ilikuwa mamia ya pauni.

Nikamuuliza: sasa kama ni mali ya kampuni, wewe unaiuzaje?

"Hawajaja kuidai," akajibu, akaendelea na chai yake.

Sikununua. Lakini mstari ule umenikaa kichwani wiki kadhaa sasa, niwe kazini, niwe kwenye basi, niwe naosha vyombo. Anayekusanya taa hizi anatoa pesa nzuri kwa kitu kilichoandikwa mwilini kwamba si cha kuuzwa. Nilitaka kujua nani aliona haja ya kuandika hivyo, na alikuwa anamwogopa nani.

## Kabla ya taa, debe

Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa debe ni nini. Lilipima mahindi, lilichota maji, likachoka likapasuliwa kuwa bati la kuezekea. Lakini lilipokuja Afrika Mashariki lilikuja na mafuta ndani: galoni 4, madebe mawili kwenye kasha moja la mbao, yamezibwa tangu kiwandani. Huku Uingereza kopo lilikuwa dogo, la galoni 2, ila biashara ilikuwa ile ile. Dereva alinunua petroli iliyofungwa, jina la kampuni limegongwa kwenye bati, mfuniko una lakiri. Lakiri ukiivunja mwenyewe, unajua hakuna aliyetangulia kutia mkono.

Pampu ndiyo iliyoleta mashaka.

Sylvanus Bowser wa Fort Wayne, Indiana, alimuuzia mwenye duka wa mji wake pampu ya mafuta ya taa mwaka 1885, na miaka ishirini baadaye kampuni yake ilikuwa inauza pampu za petroli. Uingereza, kituo kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kilifunguliwa na chama cha madereva cha AA pale Aldermaston mwaka 1919. Ghafla petroli inatoka kwenye tangi lililofukiwa ardhini, ambalo hujaliona, ikimiminwa na mtu usiyemjua. Mteja akawa na maswali mawili. Je, kipimo kimetimia? Na je, hiki ni kile nilichoomba?

Swali la kwanza lilipata jibu la kiufundi, na jibu lenyewe lilikuwa zuri kulitazama. Wamarekani waliweka silinda ndefu ya kioo juu ya pampu, mara nyingi ya galoni 10, yenye alama za galoni ndani. Mhudumu anavuta wenzo kwenda na kurudi, petroli inapanda, mteja amesimama anaihesabu, kisha inashuka yenyewe kwa uzito wake kupitia mpira hadi kwenye gari. Kampuni nyingine zikatia mafuta rangi ili yapendeze humo ndani. Sunoco iliuza ya bluu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 zikaja pampu zenye kupiga hesabu ya bei zenyewe, na silinda ikakosa kazi.

Swali la pili halikuwa na mashine. Rangi inaweza kuigwa na mtu yeyote. Kilichobaki kilikuwa jina, na jina likapandishwa juu ya pampu na kuwashiwa taa ndani, ili aliye mbali usiku aone nani anajibebesha dhamana ya kile kitakachoingia kwenye tangi lake.

Za mwanzo kule Marekani zilikuwa kipande kimoja cha kioo chenye herufi zilizochomewa. Baadaye ikaja pete ya chuma inayoshika vioo viwili vya duara, mara nyingi vya inchi 15, kisha mwili wa kioo, mwisho mwili wa plastiki. Standard Oil ya Indiana iliweka mataji ya kioo: mekundu, meupe, ya dhahabu. Mahakama ilikuwa imeivunja Standard Oil mwaka 1911 ikazaa kampuni 34, na warithi kadhaa wakaendelea kutumia jina hilo moja, kila mmoja kwenye majimbo yake, kwa hiyo alama ya juu ilikuwa na kazi ya ziada. Waingereza walipenda maumbo: Shell kombe, BP ngao. Ladha ni ya mtu, lakini kwangu kombe linashinda yote, na najua nitapingwa na watu wa mataji.

## Dhamana ya kuazimwa

Ufunguo wa ule mstari ni huu: gereji haikuwa ya Shell.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kituo cha mafuta cha Uingereza kilikuwa mali ya fundi, au mwenye duka, au mhunzi wa kijiji aliyeona farasi wanapungua. Mbele yake zilisimama pampu kwenye mstari mmoja, kila moja na kichwa chake: Shell, BP, Pratts, National Benzole. Muuzaji mmoja, ua mmoja, majina manne. Dereva alifika akachagua kwa macho. Kampuni ilikuwa London. Tangi lilikuwa chini ya miguu ya mtu mwingine. Usiku, mwenye gereji akiamua kumimina petroli ya bei ya chini kwenye tangi la kampuni yenye jina kubwa, nani angemwona?

Kampuni isingeweza kumiliki gereji zote. Ikamiliki kichwa.

Ndivyo ninavyousoma ule mstari. Ukiuza petroli yetu, taa inakaa. Ukianza mchezo, tunaishusha. Shell na BP ziliunganisha mauzo yao ya Uingereza mwaka 1932 chini ya Shell-Mex & B.P., na kazi ya kioo ikafanywa na Hailwood & Ackroyd, kiwanda cha Morley kilichotengeneza pia vivuli vya taa za majumbani na mashuleni. Morley ni jirani kabisa na Leeds. Nimepita pale mara nyingi nikienda kwenye shughuli zangu bila kujua kwamba ndiko dhamana za petroli za nchi nzima zilikopulizwa.

Jambo hili lilinipendeza mno, na hapo ndipo mashaka yalipoanza. Maana nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba jina lililowashwa juu ya pampu ni ulinzi wa mnunuzi.

## Kiganja cha mjomba

Mjomba wangu aliendesha Land Rover kati ya Morogoro na Dodoma miaka ambayo barabara ile ilikula springi. Akifika sheli asiyoizoea, kabla ya kujaza aliomba tone moja kiganjani. Analisugua kwa kidole, anapuliza, anasubiri, mhudumu naye anasubiri huku amenuna. Petroli halisi hukauka upesi na kuiacha ngozi imepauka. Iliyotiwa mafuta ya taa huacha utelezi, na harufu ambayo sabuni ya mche haiiondoi. Kiganja kikikauka, Mjomba alitikisa kichwa: jaza. Kikiteleza, alifunga mlango tukaondoka, hata kama mshale wa tangi umelala.

Sikumbuki hata mara moja akiinua macho kulitazama bango.

Nyumbani kila mtu anajua kilichofuata. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kwa sababu ni ya mnyonge, petroli na dizeli kodi kubwa, na penye pengo hilo wachakachuaji wakajenga nyumba. Pampu za mafuta za magari ziliharibika, injini zikafa, na mabango ya rangi zote yaliendelea kuwaka juu ya matangi yenye mchanganyiko. Septemba 2010 EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, yaani kemikali ya alama isiyoonekana kwa macho. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili uchakachuaji usiwe na faida. Kenya walifanya ya kwao mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa.

Angalia alama ilivyohama. Ilikuwa juu ya pampu, kila mtu anaiona, haigusi mafuta. Sasa iko ndani ya mafuta yenyewe, na hakuna mtu anayeiona isipokuwa mkaguzi mwenye kifaa.

Kama fundi, naona vinasaba ni kazi bora kuliko taa yoyote ya kioo. Taa ilisema nani ameahidi. Vinasaba vinaonyesha kama ahadi imetimizwa. Lakini taa ilizungumza na mimi mnunuzi, vinasaba havizungumzi na mimi. Na ile dawa ya pili, ya bei, ililipwa zaidi na bibi mwenye koroboi ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Hili huwa halisemwi tunaposifu jinsi uchakachuaji ulivyobanwa.

## Miaka bila jina

Kuna kipindi ambacho wakusanyaji hukipita haraka kwa sababu hakina cha kukusanya.

Septemba 1939, vita vilipoanza, Uingereza ilifuta majina ya petroli. Mafuta yote yaliunganishwa yakaitwa Pool. Mtu aliyekuwa ameapa kwamba gari lake halikubali kitu kingine ila BP alijaza kile kile alichojaza jirani yake wa Pratts, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kuitwa Esso. Petroli ya Pool ilikuwa hafifu na watu waliilalamikia, lakini magari yalikwenda. Majina hayakurudi hadi tarehe 1 Februari 1953.

Yaliporudi, yalikuta biashara imebadilika. Kampuni zilikuwa zimeanza kuzifunga gereji kwa mikataba ya kuuza petroli ya kampuni moja tu. Ule mstari wa pampu nne zenye vichwa vinne ukatoweka. Kama kituo kizima kimepakwa rangi ya kampuni moja kuanzia ukuta hadi ovaroli ya mhudumu, taa ya juu ya pampu inamwambia nini dereva ambacho hajakijua tangu akiwa kona ya barabara? Ilibaki kutenganisha daraja, la kawaida na la juu. Mwaka 1967 hata hilo likachukuliwa na nyota za shirika la viwango: nyota mbili, tatu, nne, tano, kwa kampuni zote. Yakaja mapaa makubwa yenye mwanga, watu wakaanza kujijazia wenyewe, na taa zikashushwa zikaingia magaraji, mabanda ya kuku na chini ya vitanda. Katikati ya miaka ya 1970 Shell na BP zikatengana kabisa katika mauzo, na ile kampuni iliyoandikwa shingoni ikaacha kufanya kazi.

Kwa hiyo mzee wa gulioni alikuwa sahihi kuliko nilivyomdhania. Aliyesema "irudishwe ikidaiwa" hayupo tena dukani.

## Halisi

Ningekuwa nimenunua taa wakati huo, kama nisingekutana na Ethyl.

Kwenye minada ya Marekani, taa yenye neno Ethyl ni ya kawaida na inapendwa. Uingereza pia ilikuwepo, Pratts Ethyl, baadaye Esso Ethyl. Ni jina zuri, jepesi mdomoni. Linatokana na tetraethili ya risasi (risasi ile ya metali, yenye sumu, si ya bunduki), kiungo ambacho Thomas Midgley wa maabara ya kampuni ya magari ya General Motors pale Dayton, Ohio, aligundua mwaka 1921 kwamba kinazuia injini kugonga. Petroli yenye kiungo hicho iliuzwa kwa mara ya kwanza mjini humo tarehe 2 Februari 1923. Jina walilolipandisha juu ya pampu lilichukua Ethyl likaacha risasi nyuma.

Walijua. Midgley mwenyewe alikwenda Florida mwaka ule ule kupumzika kwa sababu risasi ilikuwa imemwingia. Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha Standard Oil cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza kiungo hicho walianza kuweweseka, wengine wakafungwa kwa nguvu wasijidhuru, na watano wakafa. Mwisho wa mwezi huo Midgley aliwaita waandishi wa habari, akajimwagia kile kiungo mikononi, akavuta mvuke wake puani, awaonyeshe hakina neno. Mauzo yalisimamishwa mwaka 1925, yakaruhusiwa tena 1926, na ikawa petroli ya dunia.

Nilisoma habari ile ya mikono nikaona kiganja cha Mjomba.

Yeye alijipima mafuta kiganjani miaka na miaka. Tone likikauka upesi, lilikuwa halisi, na halisi ndiyo iliyokuwa na risasi. Nchi za kusini mwa Sahara hazikuimaliza petroli hiyo hadi kuingia mwaka 2006. Uingereza ilikuwa imeiondoa mwanzoni mwa 2000. Algeria, ya mwisho duniani, iliacha Julai 2021, na tangazo la kwamba imekwisha lilitolewa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, tarehe 30 Agosti mwaka huo, makao yao makuu yakiwa Nairobi.

Taa haikudanganya. Hilo ndilo linalonisumbua. Chini ya kichwa cha Ethyl palitoka Ethyl, bila kuchakachuliwa, galoni kamili. Mashaka yote mawili ya mteja yalijibiwa, na swali la tatu hakuna aliyemfundisha kuliuliza.

## Taa bandia

Wakati nikipima haya yote niliendelea kuulizia bei, tabia haina dawa. Ndipo nikagundua kwamba taa zenyewe sasa zinachakachuliwa.

Zinatengenezwa mpya kwa wingi. Za plastiki hazimsumbui mtu, unazijua ukizigusa. Za kioo ndizo zenye hila. Wazoefu wanakufundisha kuanzia chini: shingo ya zamani imekwaruzwa na chuma cha pampu kwa miaka, ina vipande vilivyobanduka kidogo pembeni. Rangi ya zamani ilichomewa kwenye kioo, hivyo imefifia kwa hali ya hewa, haibanduki kwa ukucha. Uzito nao unasema. Na zaidi ya yote, wanakuambia utafute ule mstari, mali ya kampuni, irudishwe ikidaiwa. Taa yenye maandishi hayo yanayosomeka inaingiza bei ya juu.

Yaani maneno yanayosema si yako ndiyo yanayokuhakikishia kwamba umenunua kitu cha kweli.

Wenye kughushi nao wamesikia. Siku hizi wanaandika na huo mstari.

## Dumila

Nilimtumia picha ya ile taa binamu yangu aliyepo Dumila, mkoani Morogoro. Anauza petroli ya bodaboda kando ya barabara, kwenye chupa za maji za lita moja na nusu zilizopangwa juu ya meza. Zamani alikuwa mhudumu kwenye sheli kubwa, anajua pande zote mbili.

"Shikamoo kaka. Hiyo ni bei gani?"

Nikamwambia. Kimya kidogo, kisha akapiga simu, maana ujumbe haukumtosha.

"Kaka, hiyo unapata bodaboda ya mkononi, na chenji ya kofia."

Nikamweleza habari ya dhamana, gereji, mali ya kampuni. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema pale sheli hakuna mteja aliyewahi kuangalia juu. Walikuwa wanaangalia sifuri ya pampu kabla haijaanza kumimina. "Ndiyo maana tunawaambia: bosi, angalia sifuri. Ukisahau kusema, wewe ndiye mwizi." Na hapo mezani kwake hawaangalii sifuri, wanaangalia chupa: imejaa hadi wapi, rangi yake ikoje juani. Bango hana. "Wananijua mimi na wanapajua kwangu. Nikiwachanganyia, kesho wataniletea injini mlangoni."

Nikamsimulia silinda ya kioo ya Wamarekani, ile ya galoni 10 na wenzo wa kuvuta. Hapo ndipo alipochangamka. Aliuliza inavuta kwa mkono kweli, bila umeme? Kioo chake ni kinene kiasi gani? Mpira unatosha kufika kwenye tangi la pikipiki?

Septemba nakwenda Beaulieu, kule Hampshire, kwenye gulio kubwa la vipuri vya kale linalofanyika tangu 1967. Bajeti ya taa nimeipunguza. Ya Shell nitaitazama tu, ya Ethyl nikiipata yenye ufa na bei ya ufa nadhani nitaichukua, mke wangu keshasema isikae sebuleni. Binamu ameniagiza niulize bei ya ile silinda, na kama wanauza wenzo peke yake.